Barua ya mwalimu imefika Marekani lakini haionekani, mwisho ni tarehe 1 Machi

Binti wa Kizota
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo.

Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dodoma, nasoma takwimu, naomba kuhamia chuo cha Marekani kupitia Common App (fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vya kule), ile ya wanaohama. Wanataka barua mbili za walimu za kunipendekeza. Ya kwanza mwalimu aliipakia siku ileile. Ya pili ndiyo inaninyima usingizi. Huyu mwalimu ni mtu wa karatasi: aliichapa, akagonga muhuri, akafunga bahasha, akaniambia "peleka posta". Nikatuma kwa EMS, risiti naitunza kama kitambulisho. Namba inaonyesha imepokelewa kule tangu tarehe 9. Leo tarehe 21, kwenye ukurasa wangu wa chuo kile bado kuna alama nyekundu: haijapokelewa.

Nafungua kabla ya kupiga mswaki, nafungua darasani. Jana nilifungua kwenye daladala, nikapitilizwa kituo.

Kumrudia mwalimu naona haya. Nilimfuata mara tatu mpaka akaandika. Mara ya pili nilimkuta anakula, nikasimama mlangoni kama mdai. Mama anasema niende na zabibu, msimu ndio huu. Sasa kilo mbili za zabibu halafu naomba barua, si itaonekana rushwa?

Mgogo wa Ughaibuni
Marahaba mdogo wangu. Mimi nilihama hivyohivyo. Barua yako haijapotea, iko mahali haijulikani ni ya nani.

Imeandika jina lako vipi? Pasipoti yangu ina majina matatu, na kwenye fomu niliweka la babu kuwa la ukoo. Mwalimu akaandika langu na la baba, kama tunavyoitwa kwenye mahudhurio. Wenzetu wanatafuta faili kwa jina la mwisho. Barua ikakaa wiki tatu. Niliwaandikia barua pepe yenye majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya maombi, ikaonekana baada ya siku mbili.

Halafu kwenye Common App mtumie mwalimu upya ule mwaliko wa kupakia barua. Linki inakwenda kwake, si kwako. Mwambie atazame na barua taka.

Kuhusu tarehe: vyuo vingi vinabana fomu yako wewe, za walimu zikichelewa siku chache wanavumilia. Ila waulize wao. Na kama mwisho ni saa 6 kasoro dakika moja usiku kwa saa za New York, kwetu ni saa 2 kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 2. Usisubiri hiyo asubuhi, umeme wetu unaujua.

Chaki Nyeupe
Nafundisha chuo, mwanangu, nikuondoe hofu. Barua ipo kwenye kompyuta yake, kuituma tena ni dakika tano. Anayetuudhi ni yule anayekuja siku ya mwisho saa 10 jioni. Usianze na "barua imepotea", atadhani unamlaumu. Mwambie wanaomba nakala kwa mtandao. Zabibu peleka ukishapata majibu.

Kijana wa Makulu
Dada, kama kwenye fomu ulitia tiki kwamba hutaisoma barua, usiombe nakala uipakie mwenyewe. Itoke kwake, tena kwa barua pepe yake ya chuo, siyo ile ya binafsi. Rafiki yangu aliambiwa arudie kwa sababu hiyo tu.

Binti wa Kizota
Nimerudi. Kaka Mgogo, umepiga penyewe: fomu ina jina la babu, barua ina la baba. Nimewaandikia kwa majina yote.

Kwa mwalimu nilikwenda saa 3, mikono mitupu. Kumbe mwaliko ulikuwa kwenye barua taka tangu Januari, na aliwahi kuuona akadhani ni matapeli! Kacheka mwenyewe. Kapakia nikiwa nimekaa pale, intaneti ya ofisi ikakwama mara mbili, mara ya tatu akawasha ya simu yake. Common App inasema imepokelewa. Ukurasa wa chuo bado nyekundu. Huwa inachukua siku ngapi?

Mgogo wa Ughaibuni
Siku kadhaa, wanazipanga kwa mikono. Acha kufungua kwenye daladala.