Naomba ushauri: mbavu zipi nichague kwa njia ya hewa ndani ya bapa la tabaini ya gesi?

Mpuliza_Kipepeo (Tabora): Wakuu, habari za jioni. Ninamalizia mradi wa shahada ya uhandisi mitambo nikiwa nyumbani Tabora, na mada yangu ni upoozaji wa ndani wa mabapa ya tabaini ya gesi, yaani mapanga yaliyo kwenye njia ya gesi ya moto. Katika injini za kisasa gesi hufika kwenye mabapa ikiwa na joto linalozidi nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali aloi ya nikeli huanza kuyeyuka karibu na 1,300, na kinachoyanusuru kwa sehemu kubwa ni hewa inayochotwa kwenye kompresa na kupitishwa ndani yake. Seremala wa Kanyenye amenichongea mfereji wa mninga, mraba wa milimita 40, na sakafuni nimelaza bati la alumini linalopashwa na koili ya pasi. Je, juu yake nibandike mbavu (vijiti vyembamba vya kuvuruga hewa ili ibebe joto zaidi) zinazokingama moja kwa moja, zilizolazwa kwa pembe ya nyuzi 60, au za umbo la V? Ninachotaka ni bati lipoe kadiri iwezekanavyo.

Kapuku_wa_Hesabu: Mkuu, ukitazama kupoa peke yake utachagua mbavu zenye kimo cha kupindukia. Pima pia anguko la shinikizo kwa manomita ya maji (mrija wa kupimia shinikizo), kisha gawanya ongezeko la upoozaji kwa mzizi wa tatu wa ongezeko la msuguano. Upoozaji ukipanda mara 2.5 na msuguano mara 8, unabaki na 1.25, yaani bado una faida kwa kuwa imezidi 1. Anza na mbavu zenye kimo cha milimita 4 zilizoachana milimita 40. Za V mara nyingi huzishinda zinazokingama, lakini usiniamini mimi, liamini bati lako.

Mzee_wa_Gereji (Kigoma): Naongezea kwamba shinikizo si gharama tu. Hewa ile hutokea kwenye vitundu vya ukingo wa mbele wa bapa, mahali ambapo gesi ya nje inasukuma kwa nguvu zaidi, na ikifika hapo imechoka, gesi ya moto itaingia ndani na bapa litaungua hata kama mbavu zake ni za kusifiwa.

Mpuliza_Kipepeo (Tabora): Nashukuru sana. Msimamizi wangu atauliza kuhusu mzunguko, na mfereji wangu hauzunguki.

Kapuku_wa_Hesabu: Basi andika tangu ukurasa wa kwanza kwamba unachunguza mabapa tuli, yale yanayoielekeza gesi. Kwenye mabapa yanayozunguka, kani ya Coriolis (msukumo wa kando unaoletwa na mzunguko) huisukuma hewa upande mmoja, ukuta mmoja ukapoa vizuri na wa pili ukadhulumiwa, na hewa ikigeuka kurudi kwenye mhimili hali hiyo hupinduka. Mbao na koili havitakuonyesha hayo.

Lenga namba ya Reynolds (inayoonyesha jinsi mkondo unavyovurugika) ya 30,000, ambayo kwa mfereji wako ni kasi ya mita 12 hivi kwa sekunde, na usisome joto kwenye mbavu tatu za kwanza kwa sababu mkondo bado haujatulia. Kabla ya yote, ziba mfereji, pasha bati mpaka joto lisimame, kisha andika wati zinazotumika: hizo ndizo zinazovuja kupitia mninga, nawe utazitoa kwenye kila kipimo.

Mzee_wa_Gereji (Kigoma): Na gundi iwe nyembamba, mkuu. Ikiwa nene itazuia joto lisifike kwenye mbavu.