Tupeane uzoefu: kabati za kujengea kwenye chumba cha kufulia

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa vipimo. Picha za makabati meupe yanayong'aa zimejaa mitandaoni, ila hazisemi mpira wa kutoa maji unapita wapi wala droo inafunguka vipi mlango wa mashine ukiwa wazi.

Ili tusitawanyike, tuchukue chumba kimoja cha mfano: stoo ya nyuma, ukuta mrefu sm 240, kina cha chumba sm 180, dirisha moja, mlango upo ukuta wa pembeni. Viingie mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8, sinki, sehemu ya nguo chafu, meza ya pasi, mabeseni na sabuni. Mafundi na wazoefu, karibuni. Bei tuziache, kila mji una zake.

SeremalaWaPwani
Kabla ya kukata bodi hata moja, mashine iwe imeshanunuliwa au angalau karatasi ya vipimo vyake iwe mkononi. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina upana wa sm 60 na kimo cha sm 85, watu hapo hawakosei. Wanakosea kwenye kina. Karatasi inaandika 55 au 60, fundi anajenga kaunta ya 60 kama ya jikoni, mashine ikiingia inachomoza mbele kama kidevu. Nyuma kuna mpira wa maji, mpira wa taka na waya, na mpira ukibanwa ukapinda maji yanapita kwa shida. Weka sm 8 nyuma. Kaunta iwe na kina cha 68 hadi 70.

Usitengeneze makasha ya kina cha 68, utapoteza bodi. Tengeneza ya sm 60, halafu yasogeze mbele kwa papi (mbao nyembamba) zilizofungwa ukutani. Upenyo huo wa nyuma ndio njia ya mabomba, na pia unazuia bodi kugusa ukuta wenye unyevu.

Mgawanyo wa ule ukuta wa 240, kutoka kushoto: kabati refu sm 60, nafasi ya mashine sm 65, kabati la sinki sm 60, kabati la nguo chafu sm 50. Jumla 235. Zile 5 zilizobaki usizile! Kuta zetu hazijanyooka, juu unaweza kupata 240 na chini 238. Gawa 2 na nusu kila upande, uzibe kwa kipande kinachochongwa kufuata ukuta.

Nafasi ya mashine haina sakafu ya mbao wala mgongo. Mashine ikae juu ya marumaru, na chini ya kaunta pabaki sm 88 kutoka sakafuni, ili kuwe na sm 3 za kuiinua miguu na kuisawazisha kwa pimamaji. Kaunta isiilalie mashine kabisa. Ikikamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, kila kinachoigusa kitatetemeka nayo, na graniti hupasuka kuanzia kwenye tundu la sinki.

Sasa bodi. Shiti ni sm 244 kwa 122, unene mm 18. Kabati refu la kimo cha 210, kina 60, upana 60:
– Shiti ya kwanza: pasua katikati kwa urefu. Msumeno unakula mm 3 au 4, unabaki na vipande viwili vya karibu 60.8. Hizo ni mbavu mbili.
– Shiti ya pili: juu, chini na rafu. Upana wa rafu ni 60 ukitoa unene wa mbavu mbili, yaani 56.4. Kina 58. Zinatoka nane.
– Nusu ya shiti ya tatu: milango miwili ya 209 kwa 29.6.
Mlango mrefu hivyo unataka bawaba 5. Ukiweka 3, baada ya muda utaanza kujipinda, na lawama zitaenda kwa bodi.

Aina ya bodi: ile ya maranda iliyoshindiliwa, sahau. MDF (bodi ya nyuzi laini za mbao) ya kawaida ni nzuri kwa milango iliyopakwa rangi pande zote sita, ndiyo, sita, pamoja na ukingo wa chini ambao hakuna anayeuona. Kasha la chini ya sinki lifanye kwa plaiwudi inayohimili maji au bodi ya PVC. Kingo zote zibandikwe utepe, na tundu lolote unalotoboa kwa ajili ya bomba lipake silikoni au vanishi kwenye nyama yake. Bodi hainywi maji usoni. Inanywea kwenye tundu.

BombaRoboTatu
Seremala kamaliza upande wake. Maji yawe upande wa sinki, yote. Koki ya mashine ni ya robo tatu inchi, iweke ndani ya kabati la sinki, siyo nyuma ya mashine. Mpira ukipasuka usiku, unafungua kabati na kufunga koki. Ikiwa nyuma, itabidi uvute mzigo wa kilo 60 na zaidi huku umesimama kwenye maji.

Maji machafu: bomba la kusimama la inchi 2, lenye trapu (kona inayobaki na maji ili kuzuia harufu) chini, mdomo wake uwe kati ya sm 60 na 100 kutoka sakafuni. Likiwa chini zaidi, maji yanajivuta yenyewe kutoka kwenye mashine: inajaza, inamwaga, inajaza, inamwaga, na sabuni inaondoka kabla nguo hazijafuliwa. Mtu akiona hivyo anaita fundi wa mashine wakati tatizo ni bomba. Mpira uingie kama sm 15 tu, na USIUZIBE kwa silikoni kuzunguka. Lazima hewa ipite, la sivyo unatengeneza mvuto uleule.

Kuhusu presha. Mita 10 za kimo cha maji ni baa 1. Mashine nyingi zinataka angalau baa 0.5, yaani maji ya tangi yawe mita 5 juu ya koki. Tangi lililokaa kwenye mnara wa mita 3 linatoa kama baa 0.2 kwenye koki ya usawa wa kiuno. Mashine itachukua muda mrefu kujaza, kisha itaandika kosa na kusimama. Kama mnara haupandi, panga pampu ndogo ya presha, na hiyo pampu haikai ndani ya kabati, inataka hewa.

Halafu chujio la sakafuni. Sakafu iinamie kwenye chujio, sm 1 kwa kila mita inatosha. Fanya kabla ya marumaru, maana baada ya hapo ni nyundo.

Umeme230
Maji kulia, umeme kushoto. Soketi ya mashine iweke ndani ya lile kabati refu, sm 50 kutoka sakafuni, na ubavu wa kabati utobolewe tundu la mm 65 ili plagi ya pini tatu ipite bila kukatwa. Plagi ikikatwa na kuungwa upya na mtu mwenye haraka, utaikuta imeungua.

Mashine inayochemsha maji inakula karibu wati 2,000, kwenye volti 230 ni ampia 8.7. Pasi nayo inaweza kufika hapo. Zote mbili kwenye kiendelezi kimoja ni zaidi ya ampia 17, na kiendelezi ni cha 13. Kwa hiyo mashine ipewe laini yake, waya wa mm² 2.5, breka ya ampia 20. Soketi ya pasi iwe juu ya kaunta, mbali na sinki, kwenye laini nyingine. Na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, si anasa kwenye chumba chenye maji. Waya wa erthi uwe umefika ardhini kweli, siyo umekunjwa ndani ya boksi.

NyaliKaskazini
Hapa Mombasa sinki twaliita karo, nyie wa Bara mkisikia karo mwafikiria shimo la choo, basi nitasema sinki 😄

Kwa wakaao karibu na bahari: bawaba za kawaida zitaota kutu haraka, na reli za droo zitaganda. Ulizia chuma cha pua daraja la 304, hata skrubu. Milango ya kabati refu iwe ya luva au itobolewe matundu juu na chini, hewa ipite. Kabati lililofungwa kabisa kwenye chumba cha kufulia hutoa harufu ya ukungu hata nguo zikiingia zikiwa kavu. Na kitako cha kabati kisishuke hadi sakafuni: miguu ya plastiki ya kurekebishika, sm 10, mbele yake ubao wa kuchomoka. Pale mbele ya mashine usiweke ubao, kwa kuwa kichungi cha pampu kipo chini, mara nyingi kona ya kulia, na huwezi kukisafisha kama hukifikii.

MamaWaKanga
Mmezungumzia mabomba vizuri, sasa vitu vyenyewe. Meza ya pasi ikikunjwa ina urefu wa kama mita moja na nusu na haipendi kulala. Kwenye lile kabati refu weka kigawanyo cha wima: upande mmoja sm 16 kwa meza ya pasi, mifagio na fimbo ya kuanikia, upande wa pili rafu. Msipofanya hivyo mapema, meza itaishia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala.

Mabeseni: pima beseni kubwa la nyumbani kwako kabla ya kupanga. Beseni la sm 55 halitaingia kwenye kabati la 50, na hapo ndipo linapoanza maisha juu ya mashine. Yasimamishe kwa ubavu chini ya sinki au yatundikwe ukutani kwa kulabu. Ndoo ya lita 20 inataka kimo cha kama sm 40.

Nguo chafu: kabati la 50 liwe la kuvuta, vikapu viwili, kimoja nyeupe na kingine rangi. Kikapu kiwe na matundu. Nguo zenye jasho zikifungiwa kwenye plastiki nzima, kanga nyeupe zinatoka na madoa meusi yasiyotoka tena.

Fimbo ya kutundikia nguo zilizotoka kwenye pasi: shati linahitaji mwanya wa sm 100 chini ya fimbo, kanzu 150 na zaidi. Hanga ina upana wa 45, fimbo ikae sm 30 kutoka ukutani, siyo 20. Masika ikianza mtashukuru.

SeremalaWaPwani
Mama, hicho kigawanyo kinabadilisha ukataji. 56.4 toa 1.8 toa 16, rafu zinakuwa 38.6. Nusu ya shiti ya pili inakuwa kigawanyo, nusu nyingine inatoa juu, chini na rafu tatu. Rafu zilizobaki zinatoka kwenye nusu ya shiti ya tatu ambayo milango haikuitumia. Shiti tatu bado zinatosha. Na rafu fupi hazipindi: mm 18 ikizidi sm 70 bila mhimili, mzigo wa sabuni unaifanya tumbo.

KibogoyoWaArusha
Kama mashine ni ya mfuniko juu?

SeremalaWaPwani
Basi kaunta haipiti juu yake. Fungua mfuniko, pima kutoka sakafuni hadi ncha, nyingi zinafika sm 130 hadi 140, rafu ianzie juu ya hapo. Kaunta iishie ubavuni mwa mashine.

BombaRoboTatu
Na boliti za usafirishaji nyuma ya mashine mpya ya mlango wa mbele zitolewe kabla ya kuisukuma kwenye nafasi yake. Zisipotolewa inaruka na kutembea, itang'oa hadi papi. Zihifadhi kwenye droo, utazitaka siku ya kuhama.

MamaWaKanga
La mwisho kwangu, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Ikae juu ya sm 150, kwenye kabati lenye kitasa, chupa ndani ya trei ya plastiki. Mvuke wake unakula bawaba, kwa hiyo kabati hilo ndilo la kwanza kupewa chuma cha pua. Dawa ya kusafishia choo yenye asidi isikae humo. Zikimwagikiana zinatoa gesi ya klorini, na chumba chenyewe mmesema kina dirisha moja.