Mrejesho: Duka limebadili jina, rangi imebaki ile ile

Wakuu, niliuliza namna ya kubadili jina na sura ya duka langu la nguo za kike, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, bila kupoteza wateja wa zamani.

Aliyesema nianzie BRELA, wanaosajili majina ya biashara, kabla ya kumlipa fundi wa bango, Mungu ambariki. Jina nililolipenda lilikuwa na mwenyewe. La pili ndilo lililopita. Leseni na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) nazo ilibidi zisomeke jina jipya, usumbufu wake acheni tu.

Rangi yetu ya zambarau imebaki. Mfano wa Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, ulinitosha: 2010 walibadili nembo, watu wakapiga kelele, baada ya kama wiki moja wakairudisha ya zamani. Sembuse mimi?

Punguzo la bei sikuweka, Kariakoo kila mtu anapunguza. Nilitangaza kwa Status za WhatsApp, gauni za Idi zikiwa zimevaliwa na wasichana wa dukani.

Waliosumbua ni wateja wa jumla wa mikoani. Wakituma hela wakaona jina geni kwenye lipa namba, wanahisi utapeli. Nimewapigia mmoja mmoja, na bado naendelea.