Tupeane uzoefu: uliyechukua baiskeli ya milimani kwa makato ya mshahara hapa Uingereza, yalikukuta yapi?

Mpanda Vilima, Sheffield

Wakuu, habari za jioni. Kazini wametufungulia ule mpango wa Cycle to Work: unachagua baiskeli, mwajiri anailipia, halafu wewe unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Kutoka kwangu hadi kazini ni maili nne, na mnaoijua Sheffield mnajua maili nne za hapa ni kupanda, kushuka, kupanda tena.

Nimeshaitia macho moja ya pauni 900. Shokapu ya mbele tu, magurudumu ya inchi 29, tairi nene, breki za mafuta. Muuzaji anasema nitaokoa asilimia 28. Mke wangu anasema nimekulia kwenye Phoenix ya babu isiyo na gia hata moja na sikufa. Waliopita njia hii nawaomba waseme ukweli. Sitaki ya kusikia, nataka yaliyowakuta wenyewe.

Mzee wa Mfereji, Leeds

Karibu chama, kaka. Mimi nilijifanya mjuaji nikachukua yenye shokapu mbele na nyuma, pauni 1,600, kisa dukani niliikalia ikanibembea kama kitanda cha kamba. Njia yangu ni kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool, kutoka Kirkstall kuingia mjini. Tambarare kama meza! Kila nikikanyaga pedeli, nusu ya nguvu inaishia kwenye kuinamisha shokapu. Akina mama wenye baiskeli za kapu wananipita huku wakinisabahi.

Na hilo si baya zaidi. Fremu yangu haina tundu la kufungia madigadi wala keria. Mvua ikinyesha nafika kazini na mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni, chakula kimesagika kwenye begi la mgongoni. Nimeshaitengeneza shokapu ya nyuma mara mbili, na sijawahi kuona mlima.

Mpiga Hesabu, Reading

Naona wote mnaongelea chuma, hakuna anayeongelea karatasi. Hiyo asilimia 28 ni kweli kwa anayelipa kodi ya asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8. Kwenye pauni 900 unakatwa 75 kwa mwezi, lakini kinachopungua mfukoni ni 54. Kwa mwaka, 648. Hapo unashangilia.

Sasa soma mkataba. Mwaka mzima hiyo baiskeli si yako, umeikodi tu. Mwaka ukiisha, ukitaka iwe yako siku hiyo hiyo, mamlaka ya kodi ina jedwali lake: baiskeli ya kuanzia pauni 500 ikifikisha mwaka mmoja inahesabiwa ina asilimia 25 ya bei yake. Yaani pauni 225. Jumlisha na 648 upate 873. Umehangaika mwaka mzima kuokoa pauni 27!

Ndiyo maana wasimamizi wengi wa mpango wanakupa njia nyingine. Unaweka asilimia 7, kwako ni pauni 63, unaendelea kuikodi miaka mitatu bila makato, na ikitimiza miaka minne inakuwa yako kwa hiyo hiyo amana. Jumla 711. Mimi barua ya mwisho wa mwaka niliipuuza nikidhani ni matangazo, nikasukumiwa bei ya jedwali. Usipuuze barua.

Dada wa Zamu ya Usiku, Milton Keynes

Mimi niliambiwa hapana kwanza. Nafanya kazi ya kutunza wazee, na sheria ni kwamba makato hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara. Wakati ule kima kilikuwa 12.21 kwa saa, nami nilikuwa nalipwa 12.60, saa 37.5 kwa wiki. Ukipiga hesabu, nafasi iliyobaki ya kukatwa ilikuwa kama pauni 63 kwa mwezi. Baiskeli niliyoitaka ilikuwa inataka 75. Basi, mlango ukafungwa hapo. Inauma kidogo kwamba anayepata mshahara mkubwa ndiye anayepunguziwa zaidi, asilimia 42 kwa wale wa kodi ya 40, na sisi wa chini tunahesabiwa peni.

Nikashuka hadi ya pauni 600. Haina shokapu kabisa, ila tairi zake ni nene kiasi, na madigadi na keria zimekuja nazo. Saa kumi na moja alfajiri natoka zamu, nafika nyumbani mgongo mkavu, bila tope. Sijawahi kuikumbuka ile nyingine.

Kaka, kama upo kwa viza ya kazi, uliza ofisini kabla hujasaini kama makato yatagusa mshahara uliotumika kuombea viza yako.

Kufuli Mbovu, London

Yangu iliibiwa mwezi wa pili. Niliendelea kukatwa miezi kumi kwa baiskeli nisiyokuwa nayo. Nilikuwa nimeifunga kwa waya wa pauni nane.

Mhamaji, Leicester

Na ukiacha kazi katikati, salio lote wanalitoa kwenye mshahara wako wa mwisho, tena baada ya kodi, kwa hiyo punguzo la sehemu hiyo limeyeyuka. Mimi niliondoka mwezi wa tano. Mshahara wa mwisho nililia.

Jirani Yako wa Sheffield

Usiwasikilize wote hao, wanakaa kwenye tambarare. Mimi nina ya shokapu ya mbele kama hiyo unayoitaka, mwaka wa tatu huu, na siiuzi. Gia nyepesi za baiskeli ya milimani ndizo zinazonipandisha bila kushuka kusukuma. Ila hakikisha shokapu ina swichi ya kuifunga. Ukianza kupanda unaifunga, ukianza kushuka kwenye mashimo unaifungua.

Siku za kazi nimeweka tairi laini zisizo na meno, pauni hamsini na kitu kwa zote mbili. Zile za meno nazirudisha nikienda kwenye njia za bwawa la Ladybower na watoto. Sharti ni kwamba matumizi makubwa yawe safari za kazi, ya wikendi hayakatazwi. Kipupwe wanapomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, futa cheni kila ukirudi. Cheni yangu ya kwanza niliipuuza, ikaota kutu ndani ya wiki mbili.

Mpanda Vilima, Sheffield

Nimerudi dukani Jumamosi. Nikaipindua ile ya 900 miguu juu, muuzaji ananitazama, natafuta matundu ya madigadi. Hayapo. Swichi ya shokapu, haipo. Halafu akanipandisha kwenye saizi kubwa kwa sababu ndiyo iliyobaki stoo. Vidole vya miguu vinaitafuta ardhi.

Nimechukua nyingine ya pauni 780, saizi yangu, ina vyote viwili. Kofia, taa na kufuli zito la umbo la D vimeingia kwenye makato hayo hayo, jumla 895. Ile njia ya amana ya asilimia 7 nitaiuliza kabla ya kusaini, si mwaka ukiisha.

Imebaki moja. Mke kapima korido ya fleti yetu, na usukani unakwaruza ukuta pande zote mbili. Kuna mtu hapa anayelaza baiskeli ndani? Anaiweka wapi?