Tupeane uzoefu: majengo ya kihistoria ya Des Moines, wewe uliingia lipi?

Habari za jioni wadau. Niko Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani, mwaka wa sita huu. Kila nikienda zamu naiona ile kuba ya dhahabu ya jengo la bunge juu ya kilima, na kwa miaka minne sikusogea hata mlangoni. Si unajua akili zetu, jengo la serikali huendi kama hujaitwa.

Aliyenitia aibu ni mama, alipokuja kutoka Moshi kutusalimia. "Na lile linalong'aa ni la nani?" La serikali, mama. "Sasa serikali si ya watu?" Tukaenda. Mlinzi alimwomba apitishe mkoba kwenye mashine, basi. Hakuna kiingilio, hakuna "una shida gani".

Kuba ziko tano, kubwa katikati na ndogo nne pembeni. Ile kubwa imefunikwa dhahabu ya karati 23, nyembamba kuliko karatasi. Kilichomfurahisha mama ni habari ya jiwe la msingi: liliwekwa 1871, maji na baridi kali vikayaharibu mawe, ikabidi waliweke upya 1873. Jengo likaja kukamilika 1886. Mama akacheka, "Kumbe na wao!" Halafu akakwama kwenye kabati la wanasesere wa wake za magavana, kila mmoja na mfano wa gauni alilovaa siku ya kuapishwa mumewe. Nusu saa nzima anakosoa mishono.

Haya, na nyie leteni.

FUNDI ZEGE
Mkuu, mimi ni fundi, kwa hiyo nilienda jumba la sanaa, Des Moines Art Center. Picha za ukutani sikuzielewa, nisiwadanganye. Lakini kuta! Jengo moja, wasanifu watatu: Eliel Saarinen alijenga ya kwanza 1948 kwa mawe, chini chini, limelala kama nyumba ya shambani. I. M. Pei akaongeza upande mwingine 1968 kwa zege. Richard Meier akamalizia 1985 na sehemu nyeupe pe.

Sasa ile zege ya Pei haikupigwa plasta. Imegongwagongwa nyundo uso mzima mpaka kokoto zikatokeza. Nilipitisha kiganja ukuta wa nje, kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nyumbani ningemwachia mteja ukuta wa hivyo asingenilipa. Kuingia ni bure.

MAMA WA UVIRA
Jambo bandugu. Miye majumba ya kizamani siyajui sana, ila maktaba ya katikati ya mji naijua kila kona, nilikuwa naenda na daftari yangu kujifunza Kingereza. Si ya kizamani, ilifunguliwa 2006, aliichora Mwingereza David Chipperfield. Kuta zote ni vioo, na katikati ya vioo kuna wavu wa shaba. Ukiwa nje mchana inaonekana nyekundu-nyekundu, ndani huoni vizuri. Ukiingia, unaona barabara yote, basi linapita, theluji inaanguka, na jua halikuumizi macho. Mwaka wa kwanza sikuwa na mtu wa kusema naye hapa. Nilikaa pale kwa kioo, naangalia watu, hawanioni.

KIJANA WA MBEYA
Salisbury House msiiache. Vyumba 42. Tajiri wa poda, ndiyo, poda ya usoni, Carl Weeks, alipenda nyumba moja ya kale kule Salisbury, Uingereza, akaamua kujijengea mfano wake, 1923 hadi 1928. Akaleta mpaka mbao za dari za nyumba ya wageni ya zamani ya huko. Hii ina kiingilio, angalieni ratiba kwanza.

DADA WA KISUMU
Nirudi kwa bunge kidogo. Nyinyi wote mmebaki chini? Mimi nilipanda na kundi la watalii mpaka ndani ya kuba, ngazi nyembamba, magoti yalinitetemeka. Nilichobeba ni stori ya moto. Tarehe 4 Januari 1904 upande wa kaskazini uliwaka. Injinia mmoja, Crampton Linley, akatambaa darini akifunga milango mmoja mmoja ili moto ukose hewa. Akaokoka. Kesho yake akadondoka kupitia dari ya ukumbi wa wabunge, akafa papo hapo. Tangu siku hiyo nikiingia ukumbi ule naangalia juu kwanza.

BABA WANNE
Mada nzuri. Kwa faida ya wengine: Jumapili bunge limefungwa. Nilifika na watoto wanne tumetoka ibadani, suti na tai, viatu vimepigwa rangi, nimewaahidi dhahabu wiki nzima. Tukapiga picha kwenye ngazi za nje kwa upepo wa Novemba, mdogo analia, kofia ya mke wangu ikaruka mpaka kwenye majani. Jumamosi wanafungua.

MWANZISHA MADA
Pole sana baba, hiyo ya Jumapili ningeiandika mwanzoni kabisa. Kofia ilipatikana?