Kamba ya chuma ya poto iko katikati ya shamba yangu, naweza kuitosha (kuiondoa)?

MkulimaMudaka:
Bandugu habari za jioni. Niko na shamba kidogo huku Mudaka, njia ya kwenda Kavumu, migomba na maharagi, na ngombe mbili. Pembeni kuna poto ya umeme ya muti, pale waya zinapiga kona kuteremukia kwa majirani, na toka juu ya ile poto kunashuka kamba ya chuma inaingia mu udongo katikati kabisa ya maharagi yangu. Nilishaizoea, mbuzi naifungia pale, bibi anaanika nguo. Ila juzi saa moja usiku kijana wa moto (pikipiki) alikata njia kupitia kwangu, akaigonga na kifua, Mungu alisaidia tu. Sasa fundi moja wa huku anasema nimupe dola 20 afungue bulo (skurubu kubwa inayokaza kamba) aisogeze mita mbili pembeni. Inafaa ama hapana?

Fundi_Nyawera:
Usiguse papa. Poto ya kona inavutwa na waya upande moja mchana na usiku, na upande ule mwingine hakuna kitu kinaishikilia isipokuwa hiyo kamba, sisi tunaiita obani. Fundi wako akilegeza bulo poto inaanza kulala, na kamba yenyewe imekazwa sana, ikiachiliwa inaruka kama fimbo, kichwa chake kikigusa waya ya juu na yeye bado ameshika chini, zile dola 20 zitanunua sanda.

MamaWaWatano:
Eeh Yesu. Sasa hiyo kamba iko na umeme ao haina? Sababu kwetu Kabare batoto banabembea kwayo kila siku wakitoka masomo

Fundi_Nyawera:
Mama haipashwi kuwa na umeme. Mukiangalia juu, zingine ziko na kitu kama yai la kauri kati ya kamba, hilo ndilo linakatia umeme njia ili usishuke, zingine hazina yai, zimeunganishwa na waya ya kuingiza umeme mu udongo. Lakini yai linaweza kupasuka, na nimeona marakuja imepanda mpaka imepita yai, mvua ikinyesha ile majani mabichi ndiyo inakuwa daraja. Kwa hiyo batoto batoke pale leo leo, na mutu asijaribu kupima na mukono.

Muzee_wa_Katana:
Mkulima, swali moja. Ulichimba mifereji ya kuzuia maji mu shamba?

MkulimaMudaka:
Ndiyo muzee, mwezi wa 9, huku mulima ni mukali sana, maji inakulaga udongo yote. Moja inapita kama hatua moja na pale kamba inaingia. Na sasa vile munauliza nimetoka kuangalia, kweli imelegea, nikiisukuma inacheza

MamaWaWatano:
UMEISUKUMA???

Muzee_wa_Katana:
Mwanangu. Huko chini kumezikwa bamba la chuma ao la beto (zege), na kinacholizuia kutoka ni udongo wa juu yake. Wewe umeondoa udongo, mvua inamalizia. Usirudishe udongo peke yako ukifikiri umetengeneza, ondoka hapo, na mutu asipite upande poto inaweza kuangukia, hesabu urefu wa poto na uongeze, sababu ikianguka inakuja na waya.

Kadutu_Boy:
ofisi ya umeme utangoja mpaka Pasaka bro 😂 funga bambu kwenye kamba mambo yaishe

Fundi_Nyawera:
Kadutu acha. Bambu uzisimike mbali kidogo, zizunguke pale zote, zisiguse kamba wala poto, funga vitambaa vyeupe ili wa moto aone usiku. Ofisi mupeleke foto ya kamba, ya mufereji na namba ya poto kama iko, na chefu wa kijiji aende pamoja na wewe, hapo wanasikia haraka. Munakumbuka Matadi-Kibala kule Kinshasa, mwezi wa pili 2022? Waya iliangukia soko na maji ya mvua ilikuwa chini, batu 26 walikufa. Waya ikianguka kwako hata kama haitoi cheche, mita 10 hakuna kukaribia, ukijikuta karibu unatoka kwa kuruka miguu pamoja, usipige hatua. Ngombe ndiyo inakufa ya kwanza, miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali mbali, umeme wa mu udongo unapanda huku unashukia kule.

MkulimaMudaka:
Narudi na habari. Nilienda mara tatu, ya tatu na chefu, siku ya ine wakakuja na gari. Wamechimba shimo ingine kunipita mimi kifua, wakaweka kamba mpya na bomba la manjano chini linaonekana mbali. Kusogeza wamekataa, banasema kamba inafuata kona, haifuati maharagi. Mufereji nimeugeuza upite juu kule. Wamekanyaga mistari tatu ya maharagi na hakuna mutu alisema pole. Mbuzi sasa nafungia kwa mugomba, jana ameukula.

MamaWaWatano:
Ule fundi wa dola 20 anasemaje?

MkulimaMudaka:
Anasema nimemukosesha kazi