Franco na TPOK Jazz: mkusanyiko wa Francophonic una nini ambacho sina kwenye simu?

Chipukizi aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Nimekulia nyumba ambayo Franco, yule mpiga gita na mwimbaji wa Kongo, alikuwa anapigwa kila Jumapili, kwa hiyo "Mario", "Mamou" na "Mabele" nilizijua kabla hata sijajua zinaimbwa kwa lugha gani. Kwenye simu nina mafaili mengi ya bendi yake, TPOK Jazz. Mengine yana majina ya ajabu, mengine yameandikwa "Franco" tu basi.

Sasa kuna jamaa anauza juzuu zote mbili za Francophonic, ule mkusanyiko wa nyimbo zake uliotolewa na kampuni ya Sterns, CD nne kwa jumla na vijitabu vyake. Hataki kuzitenganisha. Wanaozijua wanazisifia sana, ila mimi najiuliza: kama vibao ninavyo tayari, nanunua nini hasa? Wenye nazo naomba mnifungue macho kabla hajampa mtu mwingine.

Mpita Njia alijibu:

Mkuu, hizo zote zipo mtandaoni. Tafuta spika nzuri, mengine ni mapambo ya kabatini.

Santuri Kuukuu alijibu:

Chipukizi, chukua. Chukua zote mbili, na mshukuru huyo jamaa kwa kukataa kuzitenganisha. Nitaandika kirefu maana hili ni jambo ninalolipenda mno.

Tuanze na kilichomo. Sterns ya London ilitoa juzuu ya kwanza mwaka 2008, inatoka 1953 hadi 1980. Ya pili ikafuata 2009, inatoka 1980 hadi 1989, mwaka aliofariki Franco. Mchaguzi wa nyimbo na mwandishi wa maelezo ni Ken Braun, na kila juzuu ina CD mbili. Sasa tazama hesabu yake. Juzuu ya kwanza inabeba miaka 27 na nyimbo zaidi ya ishirini. Ya pili inabeba miaka tisa, nafasi ni ileile ya CD mbili, lakini nyimbo hazifiki hata ishirini. Mtu anaweza kudhani amepunjwa. Hajapunjwa hata kidogo! Hapo ndipo historia ya bendi hii inapoonekana kwa macho: wimbo ulikuwa unarefuka.

Mwaka 1953 Franco alikuwa kijana wa miaka 15, kazaliwa Julai 1938 Sona-Bata, kakulia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mama yake aliuza mikate sokoni Ngiri-Ngiri na mtoto alikuwa akipiga gita pale pale kuvuta wateja. Studio ya Loningisa, mali ya Wagiriki wa ukoo wa Papadimitriou, ikamchukua. Santuri za wakati huo, zile za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulikuwa unaisha kwenye dakika tatu hivi. Kwa hiyo mtunzi alilazimika kuingia, kusema lake, kupiga gita lake na kutoka. Sikiliza zile za mwanzo: hakuna noti ya kupoteza. Unamsikia kijana mdogo anayejua kwamba muda ni mfupi na hataki kuachia hata sekunde moja.

Halafu zikaja santuri ndogo za mizunguko 45. Nyimbo nyingi zikawa zinakatwa katikati: upande wa A unapewa hadithi, unageuza sahani, upande wa B ni sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea. Ukisikia wimbo wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukifika mahali sauti inafifia kisha muziki unaanza upya kwa nguvu, hapo ndipo mtu wa baa alipokuwa anainuka kwenda kugeuza. Miaka ya 1980 santuri kubwa zikampa Franco uwanja mpana, naye akautumia wote: anasimulia, anagomba, anashauri, mwimbaji Madilu System anapokea, kwaya inaitikia, na dakika kumi zimepita hata hujasikia uchovu. "Mario" ya 1985 haikuweza kuwepo mwaka 1956. Haikuwa na mahali pa kukaa.

Kwenye simu yako vyote hivyo ni faili tu. Wa 1956 unafuatiwa na wa 1987, kisha wa 1969. Unasikia nyimbo nzuri, lakini mtu na bendi yake huwasikii wakikua.

Na la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: majina. Faili lako limeandikwa "Franco". Sawa, nani anaimba? Chukua "Mabele" uliyoitaja mwenyewe. Watu wengi huitaja kama wimbo wa Franco. Mtunzi ni Simaro Lutumba, mpiga gita la ridhimu aliyeitwa Mshairi kwa haki kabisa, na sauti ile inayokutoa machozi ni ya Sam Mangwana, mwaka 1974. Ukishalijua hilo unaanza kusikia bendi badala ya mtu mmoja. Unasikia sauti ya Vicky Longomba na upole wake. Unasikia saksafoni ya Verckys, aliyeingia 1963 akiwa kijana na kuipa bendi ukali ambao haikuwa nao. Unasikia waimbaji Josky na Ndombe Opetum, na Madilu aliyeingia mwaka 1980 na kuwa mwenzi wa mazungumzo wa Franco hadi mwisho. Franco alikuwa na kipaji cha gita na cha utunzi, hilo halina ubishi, lakini kipaji chake kikubwa zaidi naona kilikuwa kukusanya watu wenye vipaji vikubwa na kuwafanya wasikike kama nyumba moja. Vijitabu hivyo vinakupa watu hao kwa majina. Mimi siwezi tena kusikiliza TPOK Jazz bila kuwaza nani yuko mbele ya maikrofoni.

Nakupa mfano mmoja wa jinsi mpangilio unavyobadilisha masikio. Mwaka 1970 mdogo wake Franco, Bavon Marie-Marie, mpiga gita wa bendi ya Négro Succès, alifariki kwa ajali ya gari. Franco akamwimbia "Kinsiona", akaiimba kwa Kikongo, lugha ya nyumbani kwao, wakati nyimbo zake nyingi ni za Kilingala. Sikiliza nyimbo za OK Jazz (jina la mwanzo la bendi) za miaka ya 1960 zote kwanza, ule uchangamfu, ule utani, zile chachacha, halafu uingie kwenye wimbo huo. Sauti imebadilika. Gita linasubiri. Kisha miaka mitatu baadaye mtu huyohuyo anatoa "AZDA", wimbo wa kutangaza kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen, na kwaya inarudia "VeWe, VeWe" kwa utamu ambao tangazo la biashara halina haki ya kuwa nao. Afrika nzima iliimba tangazo la magari! Huzuni ile na furaha hii zimetoka mkono mmoja, na huwezi kupima ukubwa wa mkono huo mpaka uzisikie zikifuatana.

Mpita Njia, nakuheshimu, na ni kweli nyimbo nyingi zipo mtandaoni. Ila zimepanda bila tarehe, bila wanamuziki, nyingine zimekatwa sebene. Kukata sebene ya Franco! Wimbo mzima ulikuwa safari ya kwenda huko.

Mzee wa Besi alijibu:

Santuri Kuukuu amemaliza, mimi naongeza upande wa kwetu. Vijana mjue kuwa majina hayo hayakuishia Kinshasa. Mose Fan Fan, aliyepiga gita la solo TPOK Jazz na kutunga "Djemelasi", alikuja hapa Dar akapiga na Orchestra Makassy, bendi hiyohiyo aliyopitia Remmy Ongala, kisha Fan Fan akawa na bendi ya Matimila kabla ya kwenda Uingereza. Amefariki 2019, Nairobi. Sisi wapiga vyombo wa wakati ule tulikuwa tunamzunguka kuangalia vidole. Kwa hiyo ukisikiliza mkusanyiko huo unasikiliza pia chimbuko la mambo mengi ya dansi letu.

Swali kwa Santuri: kipindi cha Verckys kimepewa nafasi ya kutosha? Maana mimi naona ndicho kipindi bendi ilikuwa moto kuliko vyote.

Chipukizi:

Wakuu mmenimaliza. Mpita Njia usikasirike, nimeshampigia jamaa, kesho naenda. Nina maswali mawili. Moja, Kilingala sijui zaidi ya neno hapa na neno pale, je, nitapoteza sana? Pili, nianzie wapi? Nilikuwa nataka niende moja kwa moja kwenye miaka ya 1980 ninayoifahamu.

Santuri Kuukuu alijibu:

Mzee wa Besi, shikamoo. Nakubaliana nawe, na hapo ndipo ninapoona upungufu. CD mbili kwa miaka 27 ni kidogo mno kwa bendi iliyorekodi nyimbo kwa mamia. Miaka ya 1963 hadi 1969 peke yake ingestahili juzuu yake: Verckys anapuliza, Vicky anaimba, Simaro ameshaingia, na Franco mwenyewe gita lake lina makali ya wembe. Kilichochaguliwa ni kizuri sana, lakini kinakuacha na njaa. Na ushirikiano wa Franco na mwimbaji Tabu Ley wa mwaka 1983 nao ungeweza kusimama peke yake. Wakubwa wawili waliokuwa wakishindana tangu ujana, kila mmoja na shule yake, wanakaa studio moja! Naweza kuzungumzia hilo hadi usiku.

Chipukizi, kuhusu Kilingala: utapoteza kiasi, ila si kama unavyoogopa. Maelezo ya kitabuni yamo kwa Kiingereza na yanakupa kisa cha wimbo, ugomvi ni wa nani na nani. Ukishajua "Mario" ni habari ya kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri na hataki kufanya kazi, sauti ya Franco yenyewe inakueleza yaliyobaki. Ile hasira yake ya mjomba haihitaji mkalimani. "Attention na SIDA" ya 1987 (SIDA ni UKIMWI) ameichanganya na Kifaransa makusudi kwa sababu alitaka aeleweke mbali. Mtu anasimama na bendi yake yote kuonya watu kuhusu ugonjwa ambao wengi walikuwa hawataki hata kuutaja jina. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1989, Franco akafariki Ubelgiji akiwa na miaka 51. Mimi wimbo huo siupigi kama muziki wa nyuma wakati nafanya shughuli. Nakaa chini.

Kuhusu pa kuanzia: usiende miaka ya 1980. Najua unavutwa huko, lakini jizuie. Weka CD ya kwanza ya juzuu ya kwanza na uiache iende mpaka mwisho bila kuruka. Nyimbo za mwanzo kabisa zina sauti ya umri wake, usitegemee besi ya kutikisa dirisha. Ukifika 1956, OK Jazz ndiyo imezaliwa, jina wamelitoa kwenye baa ya Oscar Kashama waliyokuwa wakipiga, na utasikia "On entre O.K., on sort K.O.", wimbo wao wa kujitambulisha, na klarineti ya Essous inazunguka juu ya sauti. Huo usikilize mara mbili.

Sehemu ya gita fanya hivi. Usitumie spika ya simu, vaa visikilizio. Franco alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada, na mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja, ndiyo maana solo yake inasikika nene wakati wengine wanachora mstari mwembamba. Wafuasi wa African Jazz, bendi ya Kabasele, walipenda gita laini, lenye kung'aa. Franco analirudia pigo lilelile, analisukuma, analirudia tena, mpaka mwili wako unakubali kabla ya kichwa. Hiyo ndiyo odemba, mtindo wa OK Jazz. Chini yake kuna gita la ridhimu, na katikati yao ndiyo mi-solo, gita la tatu, inayoziba kila pengo. Usijaribu kuyafuata yote matatu siku moja. Chagua moja, lifuate wimbo mzima, kisha rudia wimbo huohuo na jingine.

Kesho ukienda, kabla hujatoa hela, fungua kila kasha uone CD ni zenyewe na hazina mikwaruzo, na hakikisha vijitabu vyote viwili vimo na havijachanika kurasa. Kijitabu cha juzuu ya kwanza ndicho watu huazimana kisirudi. Kikikosekana, mwambie jamaa akitafute kwanza.

Ukifika "AZDA" rudi hapa utuambie unasikia magita mangapi. Mzee wa Besi na mimi tutakuwepo.